Ngaire Brosnahan na Bendera ya Mkurugenzi

INATANGAZWA kwa mataifa yote yaliyotia saini mkataba wa kulilinda bara la barafu, kwa wanasayansi wa kila cheo, kwa marubani, wapishi, pengwini, na sili popote walipojilaza, kwamba Bi Ngaire Brosnahan, mkazi wa Temuka katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, mlipuaji wa baruti mwenye leseni na mwenye umri wa kutosha kujua anachokifanya, ameukata kwa msumeno mlingoti wa bendera uliosimamishwa na Mkurugenzi kwa mikono yake mwenyewe, akauangusha mchana kweupe mbele ya kamera, akiwa amevaa kofia ya sufu yenye kishada. Bi Ngaire anapewa nafasi ya kuomba radhi.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosomwa redioni, msomaji akitetemeka sauti kwa uzito wa taifa. Hilo la mchana kweupe ni lao, si langu. Kiangazi huku jua halizami, kwa hiyo kila uhalifu unaotendeka juu ya barafu ni wa mchana kweupe, hata wa kuiba chokoleti. Jibu alilotoa Ngaire tutalifikia. Kwanza mumjue mwenyewe.

Alizaliwa Temuka, mji wa vyungu na kondoo, binti wa mchimba mawe ya chokaa. Shuleni kwa masista alipiga mluzi darasani, akaambiwa apige magoti mbele ya wenzake. Akapiga magoti. Kisha akaendelea na mluzi pale alipokuwa ameachia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu mluzi. Ukiufahamu mkasa huo umeshamfahamu Ngaire, yaliyobaki ni kuongezeka kwa umri na ukubwa wa milipuko.

Alianza kazi kwa kuwapikia wakata manyoya ya kondoo. Msimamizi wao, mtu wa kuona kasoro hata kwenye jua, alionja chai yake akasema ni kama maji ya kuoshea vyombo. Kesho yake Ngaire akamwekea vikombe viwili, kimoja cha chai na kimoja cha maji ya kuoshea vyombo, ili apate kulinganisha. Alifukuzwa asubuhi. Mchana alikuwa amerudishwa, maana wakata manyoya walikaa chini na mikasi yao wakakataa kugusa kondoo. Usidhani walikuwa wanapigania haki. Walikuwa wanapigania pai yake ya nyama.

Baadaye akaenda kuomba kazi ya baruti kule machimboni. Mlipuaji mkuu, mzee mmoja wa zamani, alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Mikono ya mwanamke inatoka jasho, bibie," akamwambia. "Baruti haipendi jasho."

"Hebu nyoosha yako, mzee wangu."

Mzee akanyoosha. Vilikuwa vidole saba.

"Basi mimi naanza na kumi," akasema Ngaire. "Tuone nitafika wapi."

Amefika mbali, na vyote kumi anavyo mpaka leo. Machimbo yalipofungwa alikuta tangazo limebandikwa kwenye baa, kati ya mbwa aliyepotea na bahati nasibu ya nusu kondoo. Alitafutwa mtu wa kulipua baruti mahali ambapo hapana jirani wa kulalamika. Ngaire akasema mahali hapo amekuwa akipatafuta maisha yake yote.

Hivyo ndivyo alivyofika kwetu, juu ya bamba la barafu la Ross, kule Antaktika. Sisi wengine tulikuwa pale kufukia vifaa na kuvifukua. Kazi hiyo haihitaji shahada, japo wengi wetu tulikuwa nazo na wengine tulikuwa na nusu. Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Philippa Urquhart. Hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Pip, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa, anayekula biskuti huku anatembea, ukitaka kumtafuta unafuata makombo.

Alichokuwa anakitafuta Pip ni bonde. Chini ya miguu yetu kulikuwa na barafu, chini ya barafu bahari nyeusi isiyoonja jua, chini ya bahari tope, na chini ya tope, tope la kale zaidi, tabaka juu ya tabaka, lililoletwa na mito enzi hizo bara hili lilipokuwa na misitu. Hilo ndilo bonde la mashapo. Hakuna aliyeliona na hakuna atakayeliona. Unachofanya ni kupiga hodi. Unatoboa shimo kwa maji ya moto, unashusha baruti, unaiacha igande, unaipiga, yaani unailipua, kisha unasikiliza nani anaitikia huko chini. Barafu inaitikia kwanza, maana ndiyo jirani. Sakafu ya bahari inafuata. Halafu tope, tabaka moja baada ya jingine, kila moja kwa wakati wake, na mwisho kabisa mwamba, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Ngaire ndiye alikuwa mpiga hodi. Wasikilizaji walikuwa vifaa vidogo tulivyovifukia kwa safu ndefu. Vina jina refu la kisayansi. Sisi tuliviita masikio.

Tatizo lilikuwa moja. Kila kiangazi tulichokwenda, mstari wetu uliishia kabla ya ng'ambo ya bonde. Mara dhoruba, mara mafuta yameisha, mara ndege imekuja mapema. Ukingo wa upande huu tulikuwa nao. Ukingo wa upande ule hatukuwa nao. Pip alitwambia kule ng'ambo tabaka zinapanda na kukonda, na ndiko kunakoonesha kama zamani, dunia ilipopata joto, barafu hii ilisimama au ilikimbia. Kwake ilikuwa habari ya dunia nzima. Kwa Ngaire ilikuwa habari ya beseni.

"Nimelipigia hodi miaka yote hii," alikuwa anasema, "na mnaniambia lina ukingo mmoja. Umewahi kuona wapi beseni la ukingo mmoja? Mtu hawezi hata kunawa miguu."

Msimu ule tulifika. Mstari ulikuwa umevuka mpaka ng'ambo, kambi yenyewe ikakaa pembeni ya kipande cha mwisho. Mashimo yakatobolewa, baruti yote iliyobaki ikashushwa, ikaganda. Na baruti ikishaganda haitolewi tena. Unaipiga, maana kuiacha sheria hairuhusu. Kwa hiyo tulikuwa na hodi ya mwisho, na hapakuwa na ya akiba. Ndege ya kutuondoa ilikuwa inakuja kabla ya dhoruba.

Niwaeleze na desturi ya kambi. Kabla ya kupiga, Ngaire anasema redioni neno moja tu, "Gandeni!" Na kila mtu anaganda. Jenereta inazimwa, birika linaondolewa jikoni, aliyeinua mguu anauacha hewani, aliyeko chooni anabaki chooni na siri zake. Masikio yale yanasikia hatua ya mtu kwa mbali mno. Tulishawahi kumsikia Tipene, mpishi wetu, akikuna mgongo kwenye mlingoti wa hema. Na vile vibendera vidogo vya kwenye mianzi tunavyopanda ili tusipotee kwenye ukungu, vyote vilivyo karibu na mstari vinalazwa chini kwanza. Kibendera kikipepea, mwanzi unatikisika, barafu inatikisika, na sikio, ambalo halijui utani, linaandika kila kitu. Bendera zote zinalazwa. Ukisahau moja, unaosha vyombo mpaka msimu uishe.

Ndipo akaja Mkurugenzi.

Ofisi iliyotutuma siitaji jina, kwa sababu ina wanasheria. Ilikuwa inasherehekea kuzaliwa kwake, na Mkurugenzi, Bwana Alistair Croad, aliona itapendeza akitua kwetu na ndege ya kutelezea thelujini, akiwa na kamera, hotuba, na mlingoti wa chuma. Koti lake lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani bado imesimama. Akatafuta mahali ambapo milima itaonekana nyuma yake. Kwa ufundi wa pekee, akapapata katikati ya mstari. Akachukua shimo letu moja lililobaki wazi, akasimika mlingoti, akaamuru umwagiwe maji. Barafu ikaukamata kama taya. Bendera ikapandishwa, kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili, na kamba yake ikaganda kwenye kapi huko juu pale pale.

"Hii haitoki tena!" alisema kwa furaha, na alisema kweli.

Kisha akahutubia. "Leo taifa letu limefika mahali ambapo halijawahi kufika."

"Sisi tupo hapa tangu mwezi uliopita," Tipene alinong'ona nyuma yangu. "Sijui sisi ni taifa gani."

Ngaire alisubiri hotuba iishe. Adabu anayo, sema ina mwisho.

"Bwana Croad, hapo umesimama katikati ya masikio."

"Masikio gani?"

"Hilo ulilolikanyaga ni moja."

Mkurugenzi akainua kiatu, akakitazama, akakirudisha pale pale. "Itapendeza sana kwenye picha, Bi Brosnahan."

"Sisemi haipendezi. Tunakaribia kupiga. Tukipiga, bendera zote zinalazwa. Hiyo utailaza vipi?"

"Bendera ya taifa hailazwi."

"Hata ikichoka?"

Watu wakacheka kwa kukohoa. Mkurugenzi naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayehesabu majina. Akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, ikawa inapiga picha yenyewe kila saa na kuituma ofisini, ambako kioo kikubwa ukumbini kiliwaonesha wageni wa sherehe taifa likipepea. Akasema sayansi na uzalendo vitashirikiana, na kwamba bendera isiguswe na mtu mpaka tuondoke. Akapanda ndege na koti lake.

Tukasubiri upepo utulie. Haukutulia. Haukuwa mkali, ulikuwa ule wa kiburi kidogo tu, wa kutosha shuka la watu wawili. Pip akajaribisha masikio. Kwenye kompyuta, pale panapotakiwa mistari mizuri iliyonyooka, tuliona nywele. Mlingoti ulikuwa unaimba ndani ya barafu kama mlevi ndani ya bafu. Tipene alijaribu kurusha kamba aifunge ile bendera, akafanikiwa kujifunga mwenyewe.

Pip akampigia Mkurugenzi redio, kwa upole wote wa mtu mwenye maombi ya fedha mezani kwa anayezungumza naye.

"Hayo masikio hayawezi kusikiliza upande mwingine?" Mkurugenzi aliuliza.

Pip akafumba macho. "Tutaangalia," akasema. "Tutajaribu kusafisha kwenye kompyuta."

Sasa msinielewe vibaya. Hii siyo ile hadithi ya mlipuaji kutoka machimboni aliyejua kitu ambacho daktari hakukijua. Pip alijua kuliko sisi wote. Alijua mlingoti unaimba kwa sauti gani, na kwamba ndiyo sauti ile ile ambayo tope la ng'ambo lingeitikia nayo, na kwamba ukizifuta unazifuta zote mbili. Mimi nilijua. Tipene alijua. Kambini tulikuwa na kujua mpaka kwa kugawa. Kilichotupungukia ni mtu wa kushika msumeno.

Tukakutana kwenye hema la chakula. Tipene alikuwa amekaanga ndege wa mafuta, wale wa baharini, aliotumiwa na ndugu zake wa Bluff, mji wa pwani ya kusini, harufu ambayo kwa wazaliwa wa huko ni nyumbani na kwa wengine ni sababu ya kuhama. Hakuna aliyeisikia.

"Utasafisha nini, Pip?" Ngaire aliuliza.

"Kelele."

"Na ukingo?"

Pip akachukua biskuti.

"Na ukingo, nakuuliza."

"Ukingo utaondoka na kelele, Ngaire, unajua hivyo, unaniuliza ya nini?" Biskuti ilimvunjikia mkononi. "Nikimgusia ile bendera yake, mwaka ujao hakuna mwaka ujao. Si kwangu tu. Kwa hawa wote."

"Na tukipiga hivi hivi, mwaka huu hakuna mwaka huu."

"Najua."

"Baruti imeisha."

"Najua, Ngaire!"

Ngaire akamaliza chai yake. Akageuza kikombe juu chini mezani, kama afanyavyo akiwa ameamua. Akachukua kofia yake yenye kishada.

"Pip, hebu nenda chooni."

"Sina haja."

"Itakuja. Nenda, kaa, usitoke mpaka nikuite. Ukiulizwa, ulikuwa chooni, na hakuna mkurugenzi atakayetaka maelezo zaidi."

Pip akamtazama. "Watakufukuza," alisema polepole. "Hutarudi tena huku. Umenielewa? Tena, kabisa. Siyo kama wale wakata manyoya, hakuna atakayekaa chini kwa ajili yako."

"Pai yangu siku hizi haiko kama zamani," alisema Ngaire. "Nenda mama, utachelewa."

Pip akaenda. Nasema nilichokiona. Daktari wa jiofizikia, mwenye heshima zake, anavuka theluji kwenda kukaa kwenye kibanda cha mbao bila haja yoyote, mkono mmoja una pakiti ya biskuti.

Ngaire akatoa msumeno wa chuma kwenye sanduku la zana. Sisi tukamfuata kwa mbali kidogo, umbali wa mashahidi ambao wangependa wasiitwe.

"Shangazi," alisema Tipene, "kamera ile iko hai."

"Naiona."

"Niivishe koti?"

"Iache. Isije ikasemwa nilifanya kwa kujificha." Akapiga goti kwenye theluji. "Ila nitafutie upande wangu mzuri."

"Shangazi, hapo ulipoinama hakuna."

Akakata. Chuma kwenye baridi ile kinalia kama paka, na yeye akawa anapiga mluzi juu yake, pengine ule ule wa kwa masista. Hakuharakisha. Katikati ya kazi kamera ikapiga picha, na kule ofisini, kwenye kioo kikubwa, wageni wenye glasi mikononi wakaonyeshwa makalio ya Ngaire Brosnahan yakiwa mbele ya milima mizuri. Tulikuwa hatujalijua hilo bado. Sisi tuliona mlingoti ukitikisika, ukafikiri, ukalala. Tipene alikuwa ameweka mikono akaidaka bendera isiguse theluji, maana hata sisi tuna mioyo.

Ngaire akainuka, akafuta magoti, akashika redio. "Gandeni!"

Tukaganda. Tipene na bendera yake mikononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Pip chooni. Barafu ikawa kimya, kimya cha kusikia damu yako ikipita masikioni. Kisha hodi ya kwanza ikapigwa, ikakugonga nyayoni kabla ya kuisikia. Tukabaki. Ya pili. Tukabaki. Ngaire alikwenda nazo mpaka mwisho wa mstari, moja moja, bila pupa, na kwa muda wote ule hakuna aliyekuna hata pua. Hakuna aliyemwita Pip mpaka yote yalipoisha. Alitoka akichechemea, miguu imekufa ganzi, akakimbilia kompyuta hivyo hivyo.

Tuliingia wote kwenye hema lake dogo, tukabanana. Nywele hazikuwepo. Ilikuwa ni mistari tu, myeusi na myeupe, imetulia kama kurasa. Pip akaifuata kwa kidole. Tabaka zilikuja kutoka upande wetu, bapa, nene, zikaenda, zikaenda, halafu pale pale tuliposimama zikaanza kupanda. Zikakonda. Zikaisha juu ya mwamba, moja moja, kama watu wanaopanda kutoka mtoni.

Pip alikuwa analia na kutafuna kwa pamoja. "Huo," alisema. "Huo hapo. Huo."

Ngaire alivaa miwani ya kusomea, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Sawa," akasema. "Sasa mtu anaweza kunawa miguu."

Bendera ndiyo iliyofuata, maana Tipene bado alikuwa nayo na hakujua pa kuiweka. Akaitandaza kwenye meza ya chakula aikunje vizuri. Nje tulikuwa tukiitazama kupitia miwani ya theluji, inayofanya kila kitu kiwe rangi ya chai. Humu ndani tulikuwa na macho yetu. Tipene akakunja mara moja, akakunjua. Akaita.

"Hebu njooni. Bendera yetu nyota zake zina rangi gani?"

"Nyekundu," tukajibu. "Nne."

"Basi hizi nyeupe, na hili dubwasha moja kubwa chini ya pembe hapa, ni za nani?"

Ilikuwa bendera ya Australia. Mtu huko ofisini alitumwa dukani akaleta ya majirani, wale wale waliokwisha kutunyang'anya farasi, waimbaji, na keki, wakadai ni vyao. Mkurugenzi aliipandisha kwa mikono yake, akaihutubia, akaipigia saluti. Kioo cha ukumbini kiliionesha siku zote zile, mbele ya wageni wenye akili zao, na hakuna aliyegutuka. Tulicheka mpaka Tipene akakaa chini.

"Umeokoka, shangazi!" alisema akifuta machozi. "Umeokoka kabisa! Wakikuuliza, waambie umekata bendera ya Australia. Watakupa nishani!"

Ngaire peke yake hakuwa anacheka sana.

"Kwa hiyo ingekuwa yetu, ningekuwa nimekosea?"

Tipene akainuka kutoka chini.

"Ningeilaza hata ingekuwa shuka la mama yangu," akasema Ngaire. "Kunja hiyo. Ni ya watu."

Yaliyotokea baadaye nayatanguliza, ili nisije nikawaacha mkiuliza. Bonde limechorwa, lina kingo mbili, na barafu, kwa mujibu wa zile tabaka, zamani haikusimama, ilikimbia. Pip anarudi huko kila kiangazi. Ule ukingo wa ng'ambo umepewa jina na umeandikwa kwenye ramani. Unaitwa Ukingo wa Croad. Msinitazame mimi, sikuwa kwenye kamati. Ngaire yuko Temuka, anawalipulia wakulima visiki vya miti, na kwenye ukuta wa choo chake amebandika ile picha ya kamera, kubwa, kwenye fremu.

Sasa turudi redioni. Kila jioni kambi zote za barafuni hufungua redio saa moja, kila moja itaje watu wake wako hai na inahitaji nini. Kila kambi husikiliza za wenzake, ndiyo burudani tuliyonayo. Jioni ile walikuwepo wote. Wahesabu pengwini wa kwenye rasi, wachimba mawe wa milimani, hata Waitalia, ambao kwa kawaida hula saa hiyo. Bwana Croad mwenyewe alikuwa amefika kituo kikuu cha barafuni. Akasoma tangazo lake mpaka mwisho, mnalijua. Kisha akaweka karatasi, tukaisikia ikiwekwa.

"Bi Brosnahan," alisema, "mimi si mtu wa kinyongo. Omba radhi, hapa, mbele ya wote, na msimu ujao nafasi yako ipo. Usipoomba, hii ndiyo safari yako ya mwisho kukanyaga barafu hii. Tunakusikiliza."

Barafu nzima iliganda, na safari hii hakuna aliyeiamuru.

"Nyota!" Tipene alinong'ona, bendera imekunjwa kifuani kwake. "Sema nyota, shangazi! Nyota!"

Pip alimshika mkono. "Ngaire, sema samahani. Neno moja tu. Nakuomba, dada yangu, nakuhitaji."

Ngaire akaupigapiga ule mkono wa Pip, akautoa taratibu. Akavuta kofia juu ya masikio. Akabonyeza.

"Ilikuwa inapiga kelele," alisema. "Viazi vimetuishia. Nimemaliza."